Kasha la Herufi na Kumbukumbu ya Mashine: Historia ya Upangaji wa Vitabu Vikubwa vya Picha, kwa Mifano ya Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wapangaji wa vitabu walivyokabiliana na ufinyu wa kumbukumbu ya mitambo yao, tangu enzi za herufi za risasi hadi enzi za kompyuta, walipopanga kazi ndefu zenye picha, ramani na michoro ya nasaba. Mifano imetolewa hasa katika maandishi ya historia ya Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Tunadai kwamba ufinyu huo haukuwahi kuwa suala la ufundi peke yake: sarufi ya lugha iliyopangwa iliuongeza au kuupunguza, na njia zilizobuniwa kuukabili ziliamua ni sehemu ipi ya historia ingeingia kitabuni. Tunadai pia kwamba mbinu zinazofaa leo kwenye kompyuta ndogo ni zilezile za mpangaji wa herufi za risasi, na kwamba kutozijua kunawafanya wahariri waondoe yale ambayo kitabu kiliandikwa kwa ajili yake.

Utangulizi

Mwaka 1910 kitabu cha Hermann Rehse, *Kiziba: Land und Leute*, kilitolewa Stuttgart, Ujerumani, kikiwa na picha nyingi za watu, nyumba na vifaa. Mwaka 1949 kitabu cha Francis X. Lwamgira, *Amakuru ga Kiziba*, kilitolewa na Rumuli Press huko Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Mwaka 1978 Peter R. Schmidt alitoa *Historical Archaeology* huko Westport, Connecticut, Marekani, kazi iliyounganisha masimulizi ya wazee wa Buhaya na uchimbaji wa mabaki ya kale, pamoja na ule wa Katuruka, mahali panapohusishwa na mtawala Rugomora Mahe. Vitabu hivi vitatu vinahusu eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa baiskeli kwa siku chache. Kimoja ni cha Kijerumani, kimoja cha Kihaya na kimoja cha Kiingereza. Msomaji wa jarida hili ataona mara moja ni lugha gani haimo.

Hatukusudii kujadili hapa ukosefu huo wa Kiswahili, ingawa unastahili makala yake. Tunachotaka kukitazama ni mahali vitabu hivyo vilipopangwa. Vile viwili vyenye picha na ramani vilisafiri hadi Ulaya na Marekani. Kile cha maneno ya watawala na matukio yao kilipangwa nyumbani. Sababu za mgawanyo huo ni nyingi, zikiwamo fedha, wasomaji waliolengwa na taasisi zilizowatuma watafiti. Hata hivyo, ipo sababu moja ambayo wanahistoria wa fasihi huipita haraka kwa kudhani ni ya mafundi tu. Kila mtambo wa kupanga maandishi una kiasi fulani cha kazi unachoweza kukishika kwa wakati mmoja. Kiasi hicho kikijaa, kazi husimama, iwe mtambo ni kasha la mbao lenye herufi au kompyuta iliyoko juu ya meza ya duka la steshenari.

Kiswahili hulitumia neno *kumbukumbu* kwa uwezo huo wa kompyuta, na hulitumia pia kwa yale ambayo ukoo huyahifadhi kuhusu wafu wake. Tutalitumia kwa maana zote mbili, na muktadha utatofautisha.

Sarufi ndani ya kasha

Mpangaji wa herufi za risasi alisimama mbele ya makasha mawili, la herufi kubwa na la herufi ndogo, lenye vyumba vingi. Kila chumba kilikuwa na herufi za aina moja. Alizichota moja moja, akazipanga mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, hadi zikatimia kurasa za kutosha kuchapa upande wa karatasi kubwa, ile ambayo baada ya kukunjwa huwa mkunjo wa kurasa 8 au 16. Mkunjo ulipokwisha kuchapwa, herufi zilioshwa na kurudishwa kasheni, kila moja chumbani mwake. Ndipo kazi ya mkunjo uliofuata ilipoweza kuanza. Idadi ya herufi ndiyo iliyokuwa kumbukumbu ya mtambo huo.

Idadi hiyo haikupangwa kwa ajili ya lugha za Kibantu. Katika orodha mashuhuri iliyofuatwa na wauzaji wa herufi wa Uingereza katika karne ya 19, *e* zilipewa 12,000, *a* 8,500, *w* 2,000, *k* 800 na *z* 200. Mpangaji mwenye kiwanda kidogo alinunua sehemu tu ya kiasi hicho, lakini kwa uwiano uleule. Sasa tuitazame sentensi hii, ambayo tumeitunga makusudi: *Juzi kaka yake alikwenda kukichukua kikapu kikubwa kilichokuwa kule kwake.* Ina *k* 16, *a* 10 na *e* 4. Mpangaji mwenye *k* 800 angeimaliza akiba yake baada ya sentensi 50 za namna hiyo, na kufikia hapo angekuwa ametumia *e* 200 tu kati ya 12,000. Chumba kimoja kitupu, kingine kimejaa hadi juu, na kazi imesimama.

Nathari ya kawaida haisongamani kiasi hicho. Lakini kisa hiki si mzaha wa hesabu. Upatanisho wa kisarufi wa Kibantu huirudia konsonanti ya ngeli katika nomino, kivumishi, kimilikishi na kitenzi. Kwa hiyo uchache wa herufi haujigawi sawasawa ukurasani, bali hutegemea mada. Ukurasa unaosimulia vitu vya ngeli ya KI-VI huzinyonya *k* na *v*. Unaosimulia watu huzinyonya *w* na *a*. Kihaya, chenye ngeli na upatanisho wa aina hiyohiyo, huongeza irabu tangulizi mwanzoni mwa nomino, kama katika *omukama* na *abakama*, na hivyo *a*, *e* na *o* huhitajika zaidi. Mtu anayepanga orodha ndefu ya watawala na matendo yao kwa Kihaya anagongana na sarufi yenyewe akiwa na kasha lililouzwa kwa ajili ya Kiingereza. Utafiti wa historia ya tahajia zetu umezungumza sana juu ya wamisionari na kamati, ikiwamo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Kasha halikuwa na kiti katika vikao hivyo, lakini lilikuwa na kauli. Tahajia isiyo na alama juu ya irabu ilikuwa rahisi kwa kila mtu mwenye herufi za Kiingereza. Kiswahili hakikupoteza kitu hapo, kwa sababu hakina toni. Kihaya kina toni, na ukurasa wa kawaida wa Kihaya hauionyeshi.

Mtiririko huu wa kupanga, kuchapa na kurudisha herufi ulikuwa na matokeo kwa mwandishi pia. Mkunjo wa kwanza ukisharudishwa kasheni, hakuna tena ukurasa wa 5 wa kusahihisha. Mzee akileta jina la mtawala aliyesahauliwa wakati mkunjo wa sita uko mezani, jina hilo litaingia kwenye orodha ya masahihisho mwishoni mwa kitabu, au halitaingia kabisa. Rejea ya kwenda mbele, kwa mfano kumwambia msomaji atazame nasaba iliyo ukurasa wa 212, haikuwezekana mpaka ukurasa huo upangwe. Mpangaji makini aliweka daftari: aliandika ni wapi ameacha nafasi ya namba, na namba ipi ilingojewa. Tutalikuta daftari hilo tena.

Linotype, iliyoanza kazi katika gazeti la *New York Tribune* mwaka 1886, iliuondoa uhaba huo kwa njia ya werevu sana: haikuchota herufi, ilichota kalibu za herufi, ikamimina mstari mzima wa risasi, kisha ikazirudisha kalibu zenyewe mahali pake kabla mstari uliofuata haujakamilika. Monotype ilikwenda mbali zaidi kwa kuihamisha kumbukumbu nje ya risasi. Mpangaji alibonyeza vibonye, mashine ikatoboa utepe wa karatasi, na utepe huo ukaendesha mashine nyingine iliyomimina herufi. Utepe ungeweza kuwekwa kabatini miaka mingi. Hapo ndipo maandishi yalipoanza kukaa mahali pamoja na mtambo ukakaa pengine.

Picha zilikaa nje ya hesabu hiyo tangu mwanzo. Picha ya kamera ilibadilishwa kuwa bamba la madini lenye nukta, bamba likapigiliwa juu ya ubao, na mpangaji akapewa vipimo vyake: upana na kimo. Alichofanya ni kuacha nafasi. Hakuhitaji kujua kama bambani mna mtawala, ngoma au mlima. Alihitaji kujua sentimita ngapi. Picha bora zaidi zilichapwa kwenye karatasi laini ya peke yake na kuingizwa katikati au mwishoni mwa kitabu. Msomaji wa leo anayekerwa kwa sababu picha iko kurasa 60 mbali na maelezo yake anakerwa na uamuzi wa karatasi.

Stensili na gazeti la ukanda wa ziwa

Kati ya risasi na kompyuta kuna kipindi ambacho kimeacha karatasi nyingi na vitabu vichache. Shule, parokia, ofisi za serikali na vyama vya ushirika walitumia mashine ya kurudufu. Kumbukumbu yake ilikuwa ukurasa mmoja: karatasi moja ya stensili yenye nta, iliyopigwa taipu, ikarudufu nakala mia kadhaa kisha ikachoka. Mchoro uliweza kukwaruzwa kwa kalamu ya chuma. Mstari ulitoka vizuri, kivuli hakikutoka. Ndiyo maana katika nyaraka za aina hiyo tunakuta ramani na vielelezo vya mistari, na hatukuti nyuso za watu.

Mpango wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliofadhiliwa na UNESCO ulifanya makao yake Mwanza kuanzia mwaka 1968 na kuhudumia mikoa ya ziwa, ukiwamo Ziwa Magharibi ulioitwa Kagera mwaka 1979. Vitabu vyake vya kisomo vilifungamana na kazi za watu, migomba ikiwamo, na vilihitaji vielelezo vingi kwa wasomaji wapya. Gazeti la *Elimu Haina Mwisho*, lililoanza mwaka 1974, lilitolewa Mwanza kwa ajili ya ukanda huo. Kwa msomaji wa Kamachumu au Ihangiro, maneno ya Kiswahili na picha vilifika pamoja kwa njia hiyo, na vilifika vikiwa vimepangwa ng'ambo ya ziwa.

Tusitoke kipindi hiki bila kumtaja jirani wa Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka mwaka 1980 kwa Kiswahili, katika tafsiri yake mwenyewe, chini ya Tanzania Publishing House, naye akafariki mwaka 1981. Huwa tunakisema kisa hiki kama kisa cha lugha, kwa kuwa wachapishaji hawakutaka Kikerewe. Ni kweli. Lakini pia ni kisa cha ukubwa. Muswada mfupi wa lugha ndogo ungeweza kurudufiwa. Muswada wa mamia ya kurasa ulihitaji mtambo, na mtambo ulikuwa na wenyewe.

Ukurasa kama nukta

Mwaka 1985 mambo mawili yalitokea kwa pamoja: Apple ilianza kuuza printa ya LaserWriter, na Aldus ikatoa PageMaker. Watu walisema kiwanda cha uchapaji kimehamia mezani. Hesabu ya printa hiyo inafaa kurudiwa kwa sababu inaeleza karibu kila tatizo lililofuata. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 katika kila inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani 8,699,840. Kama kila nukta ni nyeusi au nyeupe tu, ukurasa huo unahitaji baiti 1,087,480, zaidi kidogo ya megabaiti moja. LaserWriter ilikuwa na megabaiti 1.5 za kumbukumbu. Kompyuta ya Macintosh iliyoituma kazi ilikuwa na kilobaiti 512. Ukurasa uliokwisha kuwa nukta usingeenea katika kompyuta iliyouandika.

Iliwezekanaje basi? Kompyuta haikutuma nukta. Ilituma maelekezo: weka herufi fulani hapa, chora mstari kutoka hapa hadi pale. Printa ndiyo iliyoyageuza kuwa nukta, ukurasa mmoja mmoja, kisha ikausahau uliotangulia. Maandishi ni mepesi kwa sababu herufi ni maelekezo. Picha ya kamera haina maelekezo ya kuifupisha. Ni nukta tangu mwanzo hadi mwisho, na kama ni ya rangi kila nukta huchukua baiti tatu au nne badala ya sehemu ya nane ya baiti.

Programu ya TeX, ambayo Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aliianza mwaka 1977 baada ya kuchukizwa na sura ya prufu za kitabu chake mwenyewe, ilibuniwa kwa kompyuta ambazo leo tungeziita maskini. Tabia zake zinafanana mno na za mpangaji wa risasi. Hukusanya aya, huzigawa kuwa mistari, hujaza ukurasa, huutoa nje, kisha huifungua nafasi uliyoishika. Kitabu cha kurasa 1,000 cha maneno matupu hakiielemei kuliko cha kurasa 50, kwa sababu haikishiki chote. Kwa kuwa huusahau ukurasa uliotoka, mfumo wa LaTeX uliojengwa juu yake huandika namba za kurasa na za sura katika faili la pembeni, na kulisoma katika mzunguko unaofuata. Kwa sababu hiyo hati hupitishwa mara mbili au zaidi ndipo rejea zitulie. Hilo ndilo daftari la mpangaji. Nayo picha TeX haikuifungua kabisa: iliambiwa upana na kimo, ikaacha kisanduku kitupu, na programu nyingine ikaja baadaye kuijaza. Bamba juu ya ubao.

Ni wapi basi ilipojaa? Mahali pawili, na vyote viwili vinawahusu waandishi wa historia za koo. Kwanza, LaTeX huruhusu picha ielee, yaani isogee hadi ukurasa wenye nafasi. Kwa miaka mingi iliweza kushika picha 18 tu zinazongoja. Tangu mwaka 2015 ni 52. Picha hutolewa kwa mpangilio wake. Ikiwapo moja kubwa isiyopata ukurasa, zote zilizo nyuma yake husimama kama magari nyuma ya lori lililokwama mlimani, mpaka foleni ijae na programu itoe ujumbe wa kukata tamaa. Anayeandika sura ya picha 80 mfululizo bila maneno ya kutosha kati yake ataukuta ujumbe huo. Dawa yake ni kuamuru foleni imwagwe kila baada ya sehemu fulani kabla ya kuendelea. Kukata picha si dawa.

Pili ni michoro. Nasaba inayochorwa ndani ya hati yenyewe, kwa mfano kwa TikZ ya Till Tantau, si bamba tena. Kila jina, kila mstari, kila kona ni maelekezo ambayo TeX lazima iyashike hadi mchoro ukamilike. Tuchukue nasaba ya Bahinda. Masimulizi humweka Ruhinda kwenye shina, na matawi yakaenea Karagwe, Ihangiro ambayo leo iko wilayani Muleba, Kyamutwara na kwingineko. Kiziba ni suala jingine, kwa kuwa watawala wake walikuwa wa Babito. Mtu akitaka mchoro mmoja uonyeshe matawi yote, wake na watoto waliotajwa, na mahali makaburi yalipo, atatengeneza kitu chenye mamia ya vipengele katika ukurasa mmoja. Katika kompyuta za DOS, ambazo programu zake za kawaida zilibanwa katika kilobaiti 640, Eberhard Mattes alilazimika kuitoa emTeX katika sura ya kawaida na nyingine kubwa kwa ajili ya kazi nzito. Leo LuaTeX hujiongezea nafasi yenyewe kadiri inavyohitaji, hadi pale kompyuta inapoishiwa. Lakini njia iliyo bora ni ya zamani: kila mchoro upangwe peke yake kama hati ndogo, utoke kama faili la PDF la ukurasa mmoja, kisha kitabu kilipokee faili hilo kama picha yenye upana na kimo. Mchoro uliokuwa maelekezo 2,000 unakuwa kisanduku kimoja.

Kwenye duka la steshenari

Kazi nyingi za historia ya koo katika miji ya Bukoba na Muleba hazipangwi kwa TeX. Zinapigwa chapa katika programu ya kawaida ya maandishi, kwenye kompyuta ya duka ambayo pia inatoa fomu, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kwa hiyo hoja yetu haina maana isipofika dukani.

Tufikirie kitabu cha ukoo chenye picha 200 zilizopigwa kwa simu, ambazo nyingine ni picha za picha: albamu imefunguliwa juu ya meza, na mjukuu anaipiga kutoka juu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000. Kwenye diski inaonekana ndogo, megabaiti chache, kwa sababu imebanwa. Inapofunguliwa ili ionekane ukurasani inarudi kwenye ukubwa wake: nukta milioni 12 kwa baiti tatu ni megabaiti 36. Picha 200 zikifunguliwa pamoja ni gigabaiti 7.2. Kompyuta yenye gigabaiti 4 haina pa kuziweka. Hugeukia diski, hupunguza mwendo, kisha huganda. Mwenye duka husema faili ni kubwa mno, na ushauri unaofuata karibu kila mara ni kupunguza picha au kuondoa ule mchoro mrefu wa majina.

Ushauri huo umekosea mahali pa kupunguza. Picha itakayochapwa kwa upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 6, kwa nukta 300 katika kila inchi, inahitaji nukta 945 kwa 709 tu. Hizo ni megabaiti 2 zikiwa wazi, yaani sehemu moja ya 18. Picha zote 200 zitachukua takriban megabaiti 400, na jicho halitaona tofauti yoyote kwenye karatasi. Sharti ni kwamba zipunguzwe kabla ya kuingia kwenye hati, kwa programu ya picha. Kuivuta kona ya picha ikishakuwa ukurasani hubadilisha kisanduku tu. Nukta zote milioni 12 hubaki nyuma yake. Kosa hili limeenea sana, nadhani kwa sababu macho yanaona picha imekuwa ndogo na hayana sababu ya kutoamini.

Kitabu kigawanywe katika faili za sura, kila moja ipangwe peke yake, na zote ziunganishwe zikishakuwa PDF. Ni mkunjo wa kurasa 16 kwa jina jingine, na una gharama ileile: namba za kurasa, yaliyomo na faharasa havijui kinachoendelea katika faili jirani. Mtu lazima ashike daftari. LaTeX hulishika yenyewe kwa amri zake za kuingiza sura na kuchagua zile zitakazopangwa leo; katika programu ya kawaida, mwandishi ndiye daftari. Wapo watakaoona kwamba kazi hiyo inazidi faida. Kwa kitabu cha kurasa 40 ninakubaliana nao.

Kwa kitabu kikubwa sikubaliani, na sababu yake iko katika vile vitabu vitatu tulivyoanza navyo. Historia ya eneo hili iliyokuja na picha na ramani iliandikwa na wageni kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kitabu cha ukoo kinachopangwa Muleba leo ni nafasi ya kuweka uso, jina na mahali kwenye ukurasa mmoja, katika lugha ambayo wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam wanaisoma. Mhariri anayeiondoa nasaba kwa sababu mashine imeganda ameukubali mpaka wa mashine kuwa mpaka wa historia. Wazee husimulia nasaba kwa saa nzima bila kuishiwa nafasi. Ni ajabu ikiwa kifaa chenye gigabaiti 4 kitatumiwa kuwa hoja ya kuifupisha.

Lipo jambo moja ambalo halipaswi kupunguzwa, nalo ni nakala za asili. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu nyumba nyingi mkoani Kagera, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu ya uharibifu wa majengo. Nyumba inapoanguka, albamu huanguka nayo. Nakala iliyopunguzwa kuwa nukta 945 inatosha kwa kitabu, lakini haitoshi kwa mtafiti atakayetaka kusoma maandishi yaliyo nyuma ya picha au kuitambua sura ya mtu wa safu ya tatu. Kwa hiyo kila picha iwe na faili mbili zenye jina moja: kubwa, isiyoguswa, na ndogo, ya kupangia. Zile kubwa hazihitaji kuingia kwenye kompyuta ya duka hata siku moja. Zinahitaji diski mbili, moja ikikaa Bukoba na nyingine Muleba, na daftari la karatasi lenye namba ya kila picha, majina ya waliomo kuanzia kushoto, na jina la aliyewatambua.